Njia Kabla ya Nyumba

Mgodi wa shaba wa Macalder ulifungwa mwaka 1966. Kwa kawaida mji uliozaliwa na mgodi hufa na mgodi wake: mishahara hukoma, maduka hufungwa, nyumba za wafanyakazi hubaki makao ya popo. Macalder haikufa. Ardhi ya Nyatike ilikuwa bado na dhahabu, ileile iliyowavuta watafutaji wa madini hadi pembe hii ya Nyanza Kusini katika miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo wakaendelea kuifuata ndani ya miamba kwa sururu, tindo, kamba na tochi. Nyuma yao wakaja wenye vinu vya kusagia mawe, wapishi wa vibandani, wauza mitumba, mafundi wa baiskeli na, miaka ilipopita, waendesha bodaboda na mawakala wa M-Pesa.

Leo Macalder ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Nyatike katika Kaunti ya Migori. Ina ofisi za serikali, hospitali, shule, makanisa na soko. Magharibi yake ardhi inateremka hadi Ziwa Viktoria, kwenye fuo za Sori na Muhuru Bay. Kaskazini, safari si ndefu kabla ya kuingia Kaunti ya Homa Bay. Si mji mkubwa, na udogo huo ndio unaoufanya ustahili makala nzima.

Mipango ya miji ikitajwa nchini Kenya, fikra hukimbilia Nairobi: msongamano wa magari, maghorofa ya Pipeline, vitongoji vya Mukuru na Kibera. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba ni Wakenya wapatao 31 tu katika kila 100 walioishi mijini. Walio wengi bado wako mashambani, na wengi wa watoto wao hawatabaki huko. Sensa hiyo ilihesabu watu 1,116,436 katika Kaunti ya Migori na 1,131,950 katika Homa Bay. Vijana wa kaunti hizi mbili, shamba la baba likishakuwa dogo lisigawanyike tena, hawataabiri wote basi la usiku kwenda Nairobi. Wengi watahamia Rongo, Awendo, Oyugis, Mbita, Kendu Bay, Sori na Macalder. Huko ndiko maisha ya mjini ya kizazi kijacho yatakapoamuliwa, na uamuzi wenyewe unafanywa sasa, ploti baada ya ploti, kila mara shamba linapokatwa na kuuzwa.

Mji wa watu wa miguu

Kwa kipimo kimoja, Macalder tayari ina kile ambacho miji tajiri ya dunia inakitafuta kwa gharama kubwa. Watu wake hutembea. Mtoto huenda shule kwa miguu, mchimbaji huenda shimoni kwa miguu, mama huenda sokoni na kisimani kwa miguu. Asiyetembea hupanda bodaboda, na bodaboda yenyewe aghalabu hubeba zaidi ya mmoja. Moshi unaotoka kwa mkazi wa mji kama huu ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa mwenye gari katika kitongoji cha Houston au Dubai.

Hata hivyo hakuna aliyeukusudia mji uwe hivyo. Umekuwa hivyo kwa sababu bado ni mdogo na watu wake hawana magari. Ukikua bila mwongozo, sifa hiyo itapotea ndani ya miaka ishirini, kama ilivyopotea kwingine.

Namna inavyopotea inajulikana vizuri. Vituo vingi vya biashara vya Nyanza vilianza kama safu mbili za maduka zinazotazamana barabarani. Kila anayejenga anataka uso wa barabara, maana ndiko wateja wapitako, hivyo mji hurefuka kama utepe: kilomita moja, mbili, tatu, huku nyuma ya maduka kukibaki mashamba ya mahindi. Shule huwa upande mmoja wa barabara na nyumba upande wa pili. Barabara ikitiwa lami, malori na matatu huongeza mwendo, na wanaoivuka ni watoto. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 waliuawa na ajali za barabarani nchini Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watembea kwa miguu.

Wakati huohuo, nyuma ya utepe ule, mashamba huanza kukatwa. Mwenye ekari mbili anauza robo ili alipe karo. Aliyenunua anajenga vyumba vya kupangisha na kuacha kijia cha upana wa mkokoteni. Jirani anafanya vivyo hivyo, ila kijia chake hakikutani na cha mwenzake. Baada ya miaka kumi pana mtaa wenye mamia ya watu ambamo lori la kunyonya vyoo haliingii, gari la zimamoto haliingii, na bomba la maji haliwezi kutandazwa bila kuvunja ukuta wa mtu. Mgonjwa hubebwa kwa blanketi hadi barabarani. Hakuna aliyefanya kosa peke yake. Kila familia ilitumia ardhi yake kwa haki. Kilichokosekana ni mstari uliochorwa mapema ukaheshimiwa na wote.

Majirani wa Thimlich Ohinga

Wanaodhani kwamba kupanga makazi ni jambo la kigeni wanaweza kwenda hadi Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, katika nchi ileile ya Nyatike. Kuta zake za mawe zilisimamishwa bila udongo wala chokaa, jiwe likikalia jiwe, huenda katika karne ya 16. Zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kati ya mita 1 na 3. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza eneo hilo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya boma kuu, liitwalo Kochieng, kuna maboma madogo ya mifugo, misingi ya nyumba, na dalili za ufuaji chuma. Watu, mifugo na kazi viliwekwa karibu karibu, kila kimoja mahali pake, na vizazi vilivyofuata vilirithi mpangilio huo na kuukarabati.

Mpangilio haukuishia kwenye mawe. Katika boma la Kijaluo, nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, ya mke wa pili huwa upande mmoja na ya tatu upande mwingine, na vijana hujenga simba zao karibu na lango. Hata nafasi iliyo wazi katikati ina kazi yake: ndipo watu hukutana, ndipo shughuli za familia hufanyika, na hakuna anayejenga hapo. Watu wa Nyatike wanajua kutenga nafasi ya wote kabla ya nafasi ya mmoja mmoja. Ujuzi huo unahitaji kutolewa bomani na kupelekwa mjini, mahali ambapo wanaoishi pamoja si ndugu.

Samaki mkunje angali mbichi

Ushahidi bora katika Afrika Mashariki kuhusu faida ya kuchora njia mapema unatoka Tanzania. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma katika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Mradi ulikuwa na njia mbili. Mahali fulani, kama Sinza na Kijitonyama, wapimaji walikwenda kwenye ardhi iliyokuwa karibu tupu, wakachora barabara na viwanja, wakaweka huduma za mwanzo, kisha watu wakajijengea wenyewe kwa kadiri ya mfuko wao. Kwingine, kama Manzese, watu walikuwa wamekwisha kujenga, hivyo barabara na maji vikapenyezwa katikati ya nyumba zilizokuwapo.

Miongo kadhaa baadaye, kundi la watafiti likiongozwa na mwanauchumi Guy Michaels lilirudi kuyapima maeneo hayo kwa picha za satelaiti na takwimu za nyumba, na likachapisha matokeo mwaka 2021. Maeneo yaliyochorwa kabla ya watu kuingia yalikuwa na nyumba bora zaidi, barabara zilizonyooka zaidi na huduma nyingi zaidi kuliko maeneo jirani yaliyoachwa yakue yenyewe. Yale yaliyokarabatiwa baada ya kujengwa hayakuonyesha tofauti kubwa ya namna hiyo. Serikali haikuwajengea watu nyumba. Iliwawekea mistari ardhini, na mistari ile ikaendelea kufanya kazi kwa miaka arobaini.

Kenya ilikuwa na jaribio lake wakati huohuo. Mradi wa Dandora, mashariki mwa Nairobi, ulianza mwaka 1975 kwa viwanja vipatavyo 6,000, vingine vikiwa na ukubwa wa mita za mraba 100 tu, kila kimoja kikiwa na choo na mfereji wa maji. Chumba cha kwanza na cha pili vilijengwa na mwenyewe. Makumi ya maelfu ya watu walipata makazi yenye barabara, shule na maji taka yanayopita ardhini.

Historia ya maeneo haya mawili ina mafunzo machungu pia. Sinza ilipendeza kiasi cha kuwavutia wenye fedha, na familia nyingi maskini zikauza na kuhamia mbali zaidi. Dandora ikawekewa jirani mbaya: jalala kuu la jiji la Nairobi, ambalo moshi wake bado unawaingia watu mapafuni. Funzo la kwanza ni kwamba viwanja vikiwa vichache, bei itapanda na maskini watasukumwa nje. Dawa ni kupima viwanja vingi, katika miji mingi, kila mwaka. La pili ni kwamba barabara nzuri haimkingi mtu na sumu iliyowekwa karibu na mlango wake. Macalder itahitaji yote mawili.

Ethiopia nayo ilijaribu njia nyepesi zaidi. Kuanzia mwaka 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York, wakiongozwa na mtaalamu wa miji Shlomo Angel, walishirikiana na miji ya Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle kutenga ardhi ya barabara kuu pembezoni, kwenye mashamba ambayo mji ungeyafikia baadaye. Hawakuchora kila kiwanja. Walichora gridi pana, wakaipima ardhini, wakaacha yaliyomo ndani yajazwe na wakati. Jiji la New York lenyewe lilifanya hivyo mwaka 1811, lilipokuwa na watu wasiofika laki moja waliojazana kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan: makamishna watatu walichora mitaa juu ya mashamba na vilima, na mji ukachukua karibu karne nzima kuijaza.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Huko Nairobi samaki amekwisha kukauka. Eneo la Mukuru lilipotangazwa kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, kaya zaidi ya laki moja zilikuwa zimekwisha kujenga juu ya kila hatua ya ardhi. Muungano wa Wanavijiji, ambalo ni shirikisho la wakazi wa mitaa duni, vyuo vikuu na makumi ya mashirika walilazimika kufanya mikutano mtaa kwa mtaa ili kupata nafasi ya barabara na mabomba. Kazi yao ni ya kupigiwa mfano, na ugumu wake unaonyesha bei ya kuchelewa. Nje kidogo ya Macalder barabara hiyohiyo leo ingepita katika shamba la mtama.

Hesabu ya dakika kumi

Mtu mzima asiye na haraka hutembea kama mita 800 kwa dakika kumi. Chukua soko la Macalder liwe katikati, uchore duara lenye nusu kipenyo cha mita 800. Ndani yake kuna takribani hekta 200. Hilo ndilo eneo ambalo mkazi wake yeyote anaweza kufika sokoni kwa muda wa kuchemsha chai.

Je, litabeba watu wangapi? Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake yako Nairobi, hupendekeza kwamba angalau asilimia 30 ya ardhi ya mtaa iwe ya njia, na kwamba kilomita ya mraba moja iwe na watu wasiopungua 15,000. Kwa hekta 200 hiyo ni sawa na watu 30,000. Idadi hiyo yaweza kutisha, lakini hesabu ya hekta moja inatuliza hofu. Toa asilimia 30 kwa njia, toa kumi nyingine kwa shule, zahanati, uwanja na miti. Zinabaki mita za mraba 6,000. Kwa viwanja vya mita za mraba 200 hivyo ni viwanja 30, na vikiwa na watu watano kila kimoja, ni watu 150. Ni nyumba za chini za kawaida, zenye ua wa kuanikia nguo na nafasi ya mti mmoja. Ghorofa halihitajiki.

Sasa weka viwanja ambavyo madalali wa Kenya hupenda kuuza, vile vya futi hamsini kwa mia. Katika mita zilezile 6,000 vinaingia kumi na viwili au kumi na vitatu, na watu hawafiki 70. Mji uleule utahitaji ardhi maradufu, mabomba maradufu, nyaya za stima maradufu, na nusu ya wakazi wake watakuwa mbali mno kutembea. Aliye mbali atapanda bodaboda kwenda na kurudi kila siku, na nauli hiyo ni kodi ya pili ya nyumba, hata kama hakuna anayeiita hivyo. Ndiyo maana unafuu wa makazi, usalama wa mtembea kwa miguu na nafuu ya hali ya hewa hukutana katika jambo moja la kupimwa kwa utepe: ukubwa wa kiwanja na umbali wake kutoka sokoni.

Viwanja vidogo vinahitaji njia nyingi, na njia hazihitaji kulingana. Barabara chache pana za kupitisha malori ya mizigo na matatu, zikiwa na sehemu ya miguu iliyoinuliwa. Mitaa ya kati. Kisha vichochoro vya miguu na baiskeli vinavyokata katikati ya vitalu ili mtu asizunguke. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimeishi na vichochoro kwa karne nyingi, vikiwa vyembamba makusudi ili kuta za upande mmoja ziutilie kivuli upande wa pili. Kisumu nayo, iliyoandaa mpango wake wa usafiri endelevu mwaka 2020 na kupokea mkutano wa Africities Mei 2022, imejenga njia pana za miguu katikati ya jiji mahali palipokuwa pa kuegesha magari. Meneja wa mji mdogo anayetaka kuona jinsi inavyofanyika hana haja ya kupanda ndege.

Ardhi ni ya nani

Ugumu uko kwenye hati. Ardhi inayozunguka vituo kama Macalder ni ya familia, na serikali haina fedha za kuinunua yote. Ikitangaza tu kwamba barabara itapita hapa, itaonekana inapora.

Njia iliyofanya kazi kwingine ni wenye mashamba kuiweka ardhi yao pamoja. Mpimaji huichora upya kama shamba moja, hutenga njia na maeneo ya umma, kisha kila familia hurudishiwa kiwanja kidogo kuliko shamba lake la awali, lakini kilichopimwa, chenye hati na kinachofikiwa na barabara. Thamani yake hupanda kuliko ardhi iliyotolewa. Japani imepanga karibu theluthi ya ardhi yake ya mijini kwa utaratibu huo, na pembezoni mwa Kigali wenye ardhi wameujaribu pia. Katika Nyatike ungehitaji wazee wa ukoo, wajane wanaolima ardhi isiyo na majina yao, na vijana wanaotarajia urithi, wote wakae katika baraza moja mbele ya ramani moja. Ni kazi ya miezi mingi. Gharama yake itarudi mara nyingi kupitia kesi ambazo hazitafunguliwa.

Sheria iko upande wao. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaipa kaunti mamlaka ya kuandaa mipango ya maeneo, na inataka ugawaji wa ardhi upate kibali chake. Kila kibali ni nafasi ya kudai njia iachwe na iunganike na ya jirani. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019, inatambua vituo vya soko kuanzia watu 2,000, miji kuanzia 10,000 na manispaa kuanzia 50,000, hivyo mji mdogo hauhitaji kusubiri ukubwa wa Kisumu ili uwe na mpango wake.

Fedha nazo zina chanzo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Dhahabu ikiuzwa kwa njia halali na kuandikwa, sehemu ya jamii inaweza kulipia wapimaji, vigingi na mitaro. Dhahabu inayotoka Nyatike mfukoni kwa dalali hailipii chochote.

Mashimo, zebaki na maji

Macalder ina ramani ya pili, iliyo chini ya ardhi, na mpango wowote usioanzia hapo utaua watu. Mashimo ya zamani ya shaba na ya sasa ya dhahabu yanapita chini ya ardhi ambayo juu yake inaonekana salama. Mtaa haujengwi mahali ambapo pamechimbwa bila kipimo. Mashimo yaliyoachwa yanapaswa kuandikwa, kuzungushiwa uzio na kufukiwa kwa zamu.

Kisha kuna zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na mawe yaliyosagwa ili inase dhahabu, halafu huichoma; mvuke wake huingia kwenye mapafu ya anayechoma na ya mtoto anayecheza karibu, na inayobaki hufuata maji hadi mtoni na kwenye samaki. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu walipooza na kufa kwa kula samaki wenye zebaki. Watu wa Nyatike hula omena na mbuta wa ziwa lao kila siku. Katika mipango ya mji, jambo hili linatakiwa kuonekana kama rangi kwenye ramani: eneo moja la kusagia na kuchenjulia, lenye sakafu, maji ya kuzungushwa na vifaa vya kunasa mvuke, mbali na nyumba, shule, visima na mto, lakini karibu vya kutosha ili mchimbaji aende kwa miguu. Likiwa mbali mno, mawe yatarudi kusagwa uani.

Mto wenyewe ni jirani asiyesahau. Mto Kuja, uitwao pia Gucha, huungana na Migori na kushuka hadi ziwani kupitia Nyatike, na mvua zikizidi huko milimani hufurika bondeni na kuhamisha familia, kama ilivyokuwa mwaka 2020 na tena 2024. Mei 2020 Ziwa Viktoria lenyewe lilivunja rekodi ya kina iliyowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda zaidi.

Nini hutokea mji wa shaba, mabaki ya mgodi na mto vikikutana? Jibu liko Kilembe, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa huko ulianza uzalishaji mwaka 1956 na kufungwa mwaka 1982, ukiacha nyumba za wafanyakazi na marundo ya mabaki kando ya mto Nyamwamba. Mei 2013 mto ulifurika na kubomoa nyumba na sehemu ya hospitali. Mei 2020 ukafurika tena na kuirudia hospitali ileile. Maji yalichukua mabaki ya madini na kuyasambaza bondeni. Macalder imepewa onyo hilo bila kulipia. Mstari wa mafuriko ukichorwa leo, ng'ambo yake inaweza kuwa ya mashamba ya mboga, viwanja vya mpira na mikuyu, na hakuna mtu atakayehitaji kuhamishwa usiku.

Kuta na vivuli

Nyumba zenyewe zijengwe na wenyewe, kwa awamu, kama Dandora na Sinza. Mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, unaogharamiwa na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara chini ya sheria ya mwaka 2024, unajenga zaidi maghorofa, na mnunuzi wake anatarajiwa kuwa na mapato ya kila mwezi. Mchimbaji hana. Ana wiki ya neema na wiki ya njaa. Kwake kiwanja kidogo chenye hati, ambacho anaweza kukipandishia chumba kimoja mwaka huu na cha pili dhahabu ikitoka, kina manufaa kuliko ufunguo wa nyumba iliyokamilika. Vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake vitampa pato la kudumu, na vitampa kijana mgeni makazi karibu na soko.

Ukuta wa mabati huwaka mchana na kuganda usiku. Matofali ya kuchoma hula kuni katika kaunti ambayo miti yake imepungua pia kwa ukaushaji wa tumbaku. Matofali ya udongo yaliyochanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hayahitaji tanuri, hukaushwa kivulini, na udongo wake huchimbwa palepale. Dari chini ya mabati na matundu ya hewa juu ya ukuta hufanya chumba kilalike. Nje, kivuli ni sehemu ya barabara kama ulivyo mtaro: miti ya siala na mkwaju kila baada ya hatua chache, ipandwe siku ileile vigingi vinapowekwa, maana mti huchukua miaka kukua sawa na mtaa.

Mpango unaofuata

Kila kaunti ya Kenya huongozwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Ule wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaanza mwaka 2028. Rasimu huandaliwa mapema, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo aghalabu hujaa maombi ya mtu mmoja mmoja: daraja hapa, taa ya mulika mwizi pale. Watu wa Macalder wanaweza kufika na ramani.

Ramani hiyo haihitaji kompyuta ya gharama. Inahitaji karatasi kubwa, mpimaji wa kaunti, na watu wanne wanaoijua ardhi kwa namna nne tofauti: mchimbaji anayejua mashimo yalipo, mzee aliyeona maji yalikofika, mwendesha bodaboda anayejua njia zinazokatika, na mama wa sokoni anayejua wateja wake hutembea kutoka wapi. Ichore barabara kuu zinazokatiza mashamba, mstari wa mafuriko, maeneo ya mashimo na uchenjuaji, na ardhi ya shule na soko la pili. Mambo hayo manne yanatosha kwa kuanzia, na vigingi vya kwanza vinaweza kusimikwa kabla mpango wa 2028 haujaanza kutumika.